Ruzuku ya Bei za Mazao na Haki ya Umma Kujua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Fedha za ruzuku ya bei hutoka kwenye kodi, lakini hesabu zake hupigwa mbali na macho ya mlipa kodi, na mara nyingi mbali hata na macho ya mkulima anayelipwa. Majibu haya yanawahusu wote wawili: mkulima anayetaka kuhakiki malipo yake, na raia au mwandishi wa habari anayetaka kujua fedha zimeishia kwa nani.

Ruzuku ya bei ina tofauti gani na ruzuku ya pembejeo?

Ruzuku ya pembejeo huja kabla ya kupanda: mbolea au mbegu inauzwa chini ya bei yake halisi. Ruzuku ya bei huja mazao yakishavunwa, na kazi yake ni kumkinga mkulima soko linapoanguka. Ina sura nne kubwa.

Ya kwanza, serikali inanunua yenyewe kwa bei ya chini iliyoitangaza. Aliyekosa mnunuzi mzuri anapeleka magunia yake kituo cha serikali. India hufanya hivyo kwa mpunga na ngano kupitia Food Corporation of India, shirika lililoanza kazi 1965. Ya pili ni fidia ya pengo: mkulima anauza sokoni kwa bei aliyoikuta, kisha serikali inamlipa tofauti kati ya bei ya soko na bei iliyowekwa na sheria. Ya tatu ni mkopo kwa dhamana ya mazao. Marekani hutoa mkopo huo kwa miezi 9. Bei ikipanda, mkulima anauza na kulipa deni. Ikishuka, anaweza kuiachia serikali mazao na deni likafutika, au kulipa kwa kiwango cha chini kinachofuata soko, na kile kilichobaki kikawa chake. Ya nne ni malipo kwa eneo la shamba, bila kuuliza mkulima alivuna kiasi gani, na pengine bila hata kuuliza alipanda nini.

Kabla ya kudai taarifa yoyote, jua mpango wa nchi yako uko kwenye sura ipi. Kila sura huacha nyaraka zake. Ukiomba hati za mizani kwenye mpango unaolipa kwa ekari, utajibiwa kwa ukweli kabisa kwamba hazipo.

Fidia ya pengo la bei inapigwaje hesabu?

Tuchukue mpango wa Marekani unaojulikana kama PLC (Price Loss Coverage, yaani kinga dhidi ya kushuka kwa bei), ulioanzishwa na sheria ya kilimo ya 2014, kwa sababu kanuni yake iko wazi na yeyote anaweza kuirudia. Vipengele ni vitano:

1. Bei ya marejeo iliyoandikwa kwenye sheria. Kwa mahindi ilikuwa dola 3.70 kwa busheli, ambayo ni kilo 25.4 hivi.
2. Wastani wa bei ya soko kwa msimu mzima, nchi nzima. Kwa mahindi ya 2016 ulikuwa dola 3.36.
3. Eneo la msingi la shamba, yaani ekari zilizosajiliwa kwa zao hilo kutokana na historia ya kilimo cha miaka ya nyuma.
4. Asilimia 85 ya eneo hilo ndiyo hulipiwa.
5. Mavuno ya kumbukumbu kwa ekari, ambayo hayabadiliki kila msimu.

Pengo la 2016 lilikuwa senti 34. Shamba lenye ekari 100 za msingi na mavuno ya kumbukumbu ya busheli 120 lilihesabiwa hivi: ekari 85 mara busheli 120 ni busheli 10,200, zidisha kwa 0.34, unapata dola 3,468 kabla ya makato.

Angalia mambo mawili ambayo watu wengi hawayatambui. Kwanza, bei aliyouzia mkulima mwenyewe haimo kwenye hesabu. Aliyeuza mapema kwa bei nzuri na aliyeuza kwa hasara wanapata fidia sawa kwa busheli. Pili, mahindi aliyovuna hayamo pia. Mwenye ekari za msingi za mahindi anaweza kupanda soya na bado akalipwa fidia ya mahindi. Kwa hiyo ukiona jina kwenye orodha ya fidia ya mahindi, usiandike kwamba mtu huyo analima mahindi. Kosa hilo linaweza kumharibia jina mtu asiye na hatia.

Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ilipandisha bei ya marejeo ya mahindi hadi dola 4.10, soya hadi 10.00 kutoka 8.40, na ngano hadi 6.35 kutoka 5.50. Anayelinganisha malipo ya miaka tofauti lazima aanze na hapo, la sivyo atadhani soko limeanguka kumbe ni mstari uliopandishwa.

Kwa nini malipo huchelewa?

Kwa fidia ya pengo, wastani wa bei ya msimu haujulikani mpaka msimu wa mauzo uishe. Fidia ya mahindi ya Marekani yaliyovunwa 2016 ililipwa kuanzia Oktoba 2017. Huko ni kuchelewa kunakotokana na kanuni yenyewe, na mkulima anaweza kujiandaa nako.

Kuchelewa kwa aina nyingine ndiko kunakoumiza: mzigo umepokelewa ghalani, hati imetolewa, fedha hazipo. Hutokea bajeti inapokuwa imepigwa kwa bei iliyotarajiwa na mavuno yaliyotarajiwa, kisha mavuno yakawa makubwa. Mavuno makubwa hushusha bei, kwa hiyo pengo linapanuka wakati huohuo kilo za kulipiwa zinaongezeka. Gharama hupanda kwa njia mbili kwa pamoja, na bajeti iliyoonekana nono mwezi wa kwanza inakauka kabla ya mavuno kuisha. Swali la kuiuliza serikali mapema ni hili: bajeti hii imekadiria tani ngapi, na kwa bei gani ya soko?

Jirani yangu amelipwa mara ishirini ya nilicholipwa mimi. Je, kuna hila?

Si lazima. Fidia ya bei hufuata wingi. Mwenye tani 2 na mwenye tani 40 wanalipwa kiwango kilekile kwa kilo, na mwisho wa siku mmoja anaondoka na mara ishirini ya mwenzake bila kosa lolote la karani. Hii ndiyo tabia ya msingi ya ruzuku hii, na ndiyo sababu takwimu ya jumla hupotosha. Serikali ikisema "tumelipa wakulima laki mbili," gawanya jumla kwa idadi hiyo, utapata wastani ambao pengine hakuna mkulima hata mmoja aliyeupokea. Kwenye Umoja wa Ulaya, Kamisheni yenyewe imekuwa ikieleza kwamba takriban asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa.

Kwa hiyo usiombe wastani. Omba mgawanyo: wapangwe kutoka anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi, wakatwe mafungu kumi yenye idadi sawa ya watu, na kila fungu lionyeshwe lilipata kiasi gani. Jedwali la mistari kumi husema zaidi ya hotuba nzima ya bajeti.

Sheria si huweka kikomo cha malipo kwa mtu mmoja?

Nyingi huweka. Swali gumu ni "mtu mmoja" ni nani. Chini ya sheria za Marekani za 2014 na 2018, kikomo kilikuwa dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka. Sheria ya 2025 ilikipandisha hadi 155,000. Lakini ubia wa kawaida hauhesabiwi kama mtu mmoja. Kila mbia anayekubalika kuwa "anashiriki kikamilifu katika kilimo" huleta kikomo chake. Ubia wa watu watano ulikuwa na uwezo wa kufikia dola 625,000. Ushiriki huo unaweza kuwa wa usimamizi tu, na sheria ya 2018 ilipanua maana ya familia ikaingiza binamu, wapwa na watoto wa ndugu. Kuna pia njia ya vyeti vya mazao kwenye mikopo ya dhamana (mkulima hununua cheti cha serikali na kukitumia kukomboa mazao aliyoyaweka dhamana), ambavyo faida yake haikuhesabiwa kwenye kikomo.

Funzo kwa nchi yoyote inayoandika kanuni zake: kikomo kisichoambatana na uchapishaji wa majina ya wamiliki halisi nyuma ya kampuni, ubia na amana ni kikomo cha kwenye karatasi. Mgawanyiko wa shamba moja kuwa mashamba sita huonekana tu pale anwani, mipaka ya shamba na akaunti za benki zinapolinganishwa ubavu kwa ubavu.

Rejista ya umma ya wanaolipwa inapaswa kuwa na nini?

Kwa uchache: jina la anayelipwa, mwenye mali halisi kama ni kampuni, eneo la utawala hadi ngazi ya kijiji au kata, jina la mpango, zao, msimu wa mazao, tarehe ya malipo, kiasi, na kipimo kilichozaa kiasi hicho, yaani kilo, ekari au thamani ya mkopo. Marejesho na malipo yaliyobatilishwa yawe na mistari yao yenye alama ya kutoa, yasifutwe kimyakimya.

Ipakuliwe kama jedwali. Picha ya karatasi iliyoskaniwa, au ukurasa unaokulazimisha kutafuta jina mojamoja, humsaidia mtu anayemjua tayari anayemtafuta, lakini humzuia kabisa anayetaka kuona picha nzima. Pia rejista ibaki hewani. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka data ikae miaka miwili tu, kwa hiyo anayefuatilia mwenendo wa miaka kumi lazima awe amepakua mwenyewe kila mwaka. Weka kumbusho kwenye kalenda na uhifadhi nakala yenye tarehe.

Kinachopaswa kutokuwemo ni namba ya kitambulisho, namba ya simu, namba ya akaunti na nukta ya ramani inayoonyesha nyumba ya mtu. Hivyo haviongezi uwazi hata chembe, ila humrahisishia kazi tapeli.

Nchi gani zimefungua orodha hizi, na zilifikaje hapo?

Hakuna iliyofungua kwa ukarimu tu. Marekani, gazeti la Washington Post liliishtaki Idara ya Kilimo chini ya sheria ya uhuru wa kupata habari ya 1966, na mwaka 1996 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba majina na anwani za waliolipwa yatolewe: haki ya umma kujua matumizi ya fedha zake ilizidi faragha ya kibiashara ya waliolipwa. Mwaka 2001 shirika la Environmental Working Group likaweka data hiyo mtandaoni, mtu yeyote aweze kutafuta kwa jina au kwa eneo. Bunge likaipitisha sheria ya 2002 iliyotaka malipo yafuatiliwe kupitia kampuni na vyama hadi kwa mtu wa mwisho. Sheria ya 2008 ilifunga taarifa nyingi za mashamba, hasa ramani, lakini iliacha wazi majina, anwani na kiasi cha malipo.

Ulaya, waandishi wa habari walianzisha Farmsubsidy.org mwaka 2005 wakiomba data nchi baada ya nchi. Baadaye kanuni za Umoja zikalazimisha kila nchi mwanachama kuchapisha.

India ilifuata mlango mwingine. Sheria yake ya haki ya kupata habari ya 2005, kifungu cha 4, inazitaka mamlaka zichapishe zenyewe, bila kuombwa, jinsi programu za ruzuku zinavyotekelezwa, kiasi kilichotengwa na taarifa za wanufaika. Kwenye mpango wa PM-KISAN, unaolipa rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu, orodha ya wanufaika hufunguliwa hadi ngazi ya kijiji. Huo si mpango wa bei, lakini umeonyesha kwamba orodha ya mamilioni ya watu inawezekana kuchapishwa.

Je, kuchapisha jina la mkulima mdogo si kumvua nguo?

Hoja hii ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyofunguliwa na shamba la ubia na mkulima mmoja wa jimbo la Hessen, Ujerumani. Ilisema kuchapisha taarifa za kila mtu binafsi, bila kutofautisha kiasi alichopata wala muda aliolipwa, kumevuka mpaka. Uchapishaji wa watu binafsi ulisimama kwa miaka kadhaa. Kanuni ya 2013 ikaurudisha kwa njia nyingine: anayepata chini ya kizingiti, kisichozidi euro 1,250, jina lake linabadilishwa na alama, wakubwa wanabaki na majina.

Kwa maoni yetu hiyo ni njia ya busara, kwa sharti moja: mistari ya wasiotajwa isiondolewe. Kiasi, kijiji na zao vibaki. Ukiiondoa mistari midogo, jumla ya rejista haitalingana tena na vitabu vya hazina, na hapo ndipo wakulima hewa hujificha, kwa sababu mkulima hewa kwa kawaida ni mdogo.

Kijijini kwenyewe mambo ni tofauti. Pale watu wanajua nani ana shamba na nani hana, na orodha iliyobandikwa ukutani kwa siku 14 kabla ya malipo hukamata makosa ambayo mkaguzi wa mjini hatayaona kamwe. Ubandikaji huo uwe wa majina na ukubwa wa shamba, kabla ya fedha kutoka. Kiasi cha fedha kinaweza kusubiri ili mtu asiviziwe njiani.

Ni fedha gani ambazo hazionekani kwenye rejista hata ikiwa wazi?

Hapa tunawasihi wasomaji watulie kidogo, maana ndipo mijadala mingi hupotea.

Bima ya mazao. Marekani, serikali hulipa kwa wastani takriban asilimia 60 ya ada ya bima ya mkulima. Fedha hiyo huenda kwa kampuni ya bima, haina kikomo kwa mtu, na sheria inazuia majina ya wakulima waliofaidika kutolewa. Mtu anaweza kuonekana amepata kidogo kwenye rejista kumbe nusu ya msaada wake umepitia mlango huo.

Hasara ya ghala. Serikali ikinunua juu ya bei ya soko kisha ikauza kwa hasara, ruzuku iko ndani ya hasara hiyo, pamoja na gharama ya kuhifadhi na mazao yaliyooza. Haimo kwenye orodha ya wakulima. Imo kwenye hesabu za shirika la ununuzi, ambazo mara nyingi hutoka miaka miwili au mitatu baadaye.

Ushuru wa forodha. Ukizuia mazao ya nje, bei ya ndani inapanda na mlaji ndiye anayelipa ruzuku kwa kila kilo anayonunua. Hakuna hundi, kwa hiyo hakuna mstari.

Mifuko isiyopitia kura ya bunge kila mwaka. Commodity Credit Corporation ya Marekani, iliyoundwa 1933, inaruhusiwa kukopa hazina hadi dola bilioni 30. Kwa kupitia mfuko huo, takriban dola bilioni 23 zililipwa kwa wakulima kwa misimu ya 2018 na 2019 kufidia vita vya ushuru na China, bila bunge kupigia kura mpango huo wenyewe. Majina yalipatikana, lakini mjadala ulikuja baada ya fedha.

Kiasi kilicho kwenye rejista si kile nilichopokea. Nifanye nini?

Kwanza ondoa sababu zisizo na ubaya. Rejista inaweza kuandika mwaka wa fedha wakati wewe unahesabu msimu wa mazao; inaweza kuandika kiasi kabla ya makato ya mkopo wa pembejeo, ushuru wa ushirika na ada ya benki; au chama cha ushirika ndicho kilichoandikwa na wewe umo ndani ya jumla yake. Kama ulikodi shamba, huenda malipo yamegawanywa kati yako na mwenye shamba.

Kama hakuna hata moja linaloeleza tofauti, fuata mpangilio huu:

1. Kusanya hati ya mizani, stakabadhi ya ghala na taarifa ya benki. Piga picha zote siku hiyohiyo, maana wino wa mashine za risiti hufifia ndani ya miezi.
2. Andika hesabu yako kwenye karatasi moja: uzito ghafi, punguzo la unyevu na takataka, uzito halisi, kiwango kwa kilo, jumla, makato kwa majina, kilichoingia benki.
3. Peleka nakala kwa ofisi iliyoidhinisha malipo, si kwa karani wa kituo, na udai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.
4. Uliza swali moja linalojibika: "Mmetumia uzito gani na kiwango gani?" Swali la "kwa nini nimedhulumiwa" halina mahali pa kujibiwa kwenye mfumo wao.
5. Usipojibiwa ndani ya muda wa kisheria, geuza barua ileile kuwa ombi la taarifa, kisha rufaa.

Hesabu ya unyevu inafanywaje? Naona kilo nyingi zinapotea hapo.

Na kweli zinapotea hapo. Kama kiwango cha kupokelea mahindi ni unyevu wa asilimia 13.5 na mzigo wako umepimwa 18, uzito unaolipiwa ni uzito ghafi mara (100 − 18) gawanya kwa (100 − 13.5). Kilo 1,000 zinakuwa 948. Hiyo ni haki: maji hayalipiwi.

Sasa karani akiandika 20 badala ya 18, kilo 1,000 zinakuwa 925. Kilo 23 zimeyeyuka kwa kila tani, na mkulima hana namna ya kujua asiposhuhudia kipimo. Kituo kinachopokea tani 500 kwa msimu kitakuwa na zaidi ya tani 11 ambazo haziko kwenye jina la mtu yeyote. Mahindi hayo hayapotei. Huuzwa kwa serikali upya, kwa jina la mkulima hewa.

Kinga ni rahisi na haina gharama kubwa. Kipima unyevu kihakikiwe mbele ya wakulima asubuhi kwa sampuli inayojulikana unyevu wake. Sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini ya gunia. Kipimo kirudiwe mara tatu na wastani uandikwe kwenye hati. Na mkulima asome namba mwenyewe.

Dalili za udanganyifu kwenye data ni zipi?

Gawanya kilo zilizouzwa kwa hekta zilizosajiliwa. Mtu mwenye hekta moja ya mahindi yanayotegemea mvua akionekana ameuza tani 14, katika eneo ambako wenzake wanapata tani 2, basi ama ukubwa wa shamba umeandikwa vibaya, ama mfanyabiashara ameuza mazao ya kununua kwa jina lake. Hilo la pili ndilo la kawaida zaidi. Mlanguzi hununua shambani kwa bei ya kutupwa mkulima anapokuwa na shida ya fedha, kisha anapeleka kituoni akitumia kitambulisho cha ndugu.

Dalili nyingine: akaunti moja ya benki kwa majina mengi, usajili mwingi ndani ya wiki moja kabla ya dirisha kufungwa, uzito unaojirudia kwa kilo zilezile kamili, kwa mfano mistari thelathini ya kilo 1,500 barabara, wakati mizani halisi hutoa 1,487 au 1,512, na kituo kilichopokea siku moja mzigo mkubwa kuliko mizani yake inavyoweza kupima. Jina linalofanana, lenyewe peke yake, si dalili. Watu huitwa majina ya babu zao, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu sita wenye majina mawili yaleyale.

Kila dalili ni mwanzo wa kuuliza. Mpigie au mtembelee anayehusika kabla ya kuchapisha jina lake, na zungumza pia na ofisi iliyolipa. Kazi hii ina hatari zake. Ján Kuciak, mwandishi wa Slovakia aliyeuawa pamoja na mchumba wake Februari 2018, aliacha makala aliyokuwa hajaimaliza kuhusu ruzuku za kilimo za Ulaya zilizowafikia wafanyabiashara waliohusishwa na mafia wa Italia. Ingawa kesi ya mauaji hayo ilifuata uchunguzi wake mwingine, wanaofuatilia fedha hizi hushauriwa wafanye kazi wawili au zaidi, na nakala za nyaraka zikae mahali pengine.

Serikali ikipandisha bei ya kununulia, si ndiyo mkulima ananufaika?

Kwa msimu mmoja, ndiyo. Thailand ilianza Oktoba 2011 kununua mpunga mweupe kwa baht 15,000 kwa tani, takriban nusu zaidi ya bei ya soko. Hoja ilikuwa kwamba ikiuzuia mchele ghalani, bei ya dunia ingepanda. India na Vietnam ziliuza zaidi badala yake, Thailand ikapoteza nafasi ya kwanza ya mauzo ya nje mwaka 2012, maghala yakajaa, na mwanzoni mwa 2014 wakulima waliandamana wakidai fedha za mpunga walioutoa miezi iliyopita. Taarifa za akiba iliyomo ghalani na hasara ya mpango zilifichwa kwa muda mrefu, na ubovu wa mchele uligunduliwa baadaye. Waziri mkuu wa wakati huo, Yingluck Shinawatra, alihukumiwa 2017 miaka mitano gerezani kwa uzembe katika kuusimamia, akiwa nje ya nchi.

Fidia ya pengo nayo ina mtego wake. Jimbo la Madhya Pradesh nchini India lilijaribu mwaka 2017. Wafanyabiashara wakijua kwamba serikali itamfidia mkulima, hawana sababu ya kushindana kwa bei, na bei mnadani huporomoka. Ndiyo maana kanuni nzuri hutumia wastani wa masoko mengi, yakiwemo ya nje ya jimbo, badala ya bei ya soko moja ambalo wanunuzi watatu wanaweza kukubaliana kwenye meza ya chai. Nao wastani huo uchapishwe kila siku, soko kwa soko, ili mkulima ajue bei aliyopewa iko wapi.

Shirika la Biashara Duniani linahusikaje na uwazi huu?

Mkataba wa Kilimo wa 1995 unazitaka nchi wanachama ziripoti ruzuku zao. Ruzuku za bei zimo kwenye fungu linalopotosha biashara, na zina mipaka: Marekani ina kikomo cha dola bilioni 19.1, na kila nchi inaruhusiwa kiwango kidogo kisichohesabiwa, asilimia 5 ya thamani ya uzalishaji kwa nchi tajiri na 10 kwa nyingi zinazoendelea. China ilikubali 8.5.

Ripoti hizi ni chanzo ambacho wengi hawakitumii. Pale nchi yako inapokunyima takwimu, huenda ilishazituma Geneva, makao makuu ya shirika hilo, tena kwa zao na kwa mwaka. Brazil ilitumia takwimu za namna hiyo ilipoishtaki Marekani kuhusu pamba mwaka 2002, ikashinda, na mwisho wake Marekani ikakubali kulipa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa taasisi ya pamba ya Brazil, kisha milioni 300 kumaliza shauri mwaka 2014. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ambazo pamba ndiyo uti wa mgongo wa wakulima wao, zilipeleka malalamiko yaleyale 2003 kwa njia ya mazungumzo na hazikupata fidia ya namna hiyo.

Ombi la taarifa liandikweje ili lisikataliwe?

Taja rekodi, usitaje mada. "Naomba taarifa kuhusu ruzuku" hukataliwa kwa kuwa pana mno. Andika: "Naomba jedwali la malipo yote ya fidia ya bei ya mahindi, msimu huu na miwili iliyotangulia, kwa kila aliyelipwa, likionyesha jina, kata, kilo, kiwango na kiasi, katika muundo wa kielektroniki wa jedwali." Ongeza sentensi kwamba kama sehemu fulani ni ya siri, ifichwe hiyo tu na nyingine itolewe. Bila sentensi hiyo, safu moja ya namba za akaunti hutosha kuzuia faili zima.

Muda wa kujibu hutofautiana: siku 20 za kazi Marekani, siku 30 India, siku 21 Kenya na siku 30 Tanzania, hizi mbili kwa sheria zao za 2016. Hesabu kuanzia siku ya muhuri. Ukinyimwa, omba kifungu kilichotumika kwa maandishi, maana rufaa hujibu kifungu.

Nimepata faili. Nianzie wapi?

Jumlisha safu ya kiasi na ulinganishe na matumizi halisi yaliyo kwenye ripoti ya mkaguzi mkuu, msimu kwa msimu. Zisipolingana, usiendelee na majina: rudi ofisini uulize mistari iliyokosekana iko wapi. Zikilingana, tengeneza lile jedwali la mafungu kumi, kisha hesabu ya kilo kwa hekta, kisha akaunti zinazorudiwa kama umepewa alama za siri badala ya namba. Hifadhi faili la asili bila kuligusa na ufanye kazi kwenye nakala, kwa sababu siku mtu atakapopinga hesabu zako, faili hilo ndilo utakaloliweka mezani.